Kikohozi Mlangoni pa Wanawake

Watu wakiniuliza habari za ule mchezo wa Kihindi, nao huniuliza kwa kuwa tuliouona tumebaki wachache, mimi huwaeleza mishono. Hadithi yenyewe siijui vizuri. Ilikuwa kwa Kihindi, na Kihindi changu mimi ni cha dukani, kata hapa, shona hapa, kesho lete, basi. Wimbo mmoja naweza kuuimba kwa puani mpaka leo, ila maneno yake sijui yasema nini. Lakini nguo ya yule malkia naijua yote, kwa sababu nalikuwa nimeifumua na kuishona upya kwa mikono yangu, na mchezo wote nalikuwa nikimtazama kwapani tu, nikiomba isipasuke.

Ulikuwa wakati wa vita. Tulikuwa mafundi wanne, tunashona kwenye baraza ya duka la tajiri mmoja wa Kihindi, huo mtaa ambao sasa waitwa Biashara Street. Kabla ya vita tulishona kanzu na vizibao, na nguo za bwana harusi zikifika miezi yake. Vita vilipokuja ikawa kaki. Kaki asubuhi, kaki jioni, suruali na mashati ya askari, marobota kwa marobota. Kaki ni kitambaa kigumu, kinakula sindano na kinakula mgongo. Mguu wangu ulikuwa ukikanyaga cherehani mchana kutwa, nami nikilala ulikuwa ukiendelea kukanyaga kitandani. Mke wangu mwanzoni alikuwa akiweka mkono juu ya goti, akiniambia, "Tua, bwana, duka limefungwa." Baadaye aliuacha ukanyage.

Sasa hao wachezaji. Walikuwa wametoka Bara Hindi, kundi zima na vinanda vyao na ngoma zao, wakacheza hapa wiki mbili, halafu wakataka kurudi kwao wakaambiwa meli hakuna, meli zote ni za vita. Wakakwama. Wakawa wacheza mchezo ule ule kila Jumamosi, na sisi watu wa mji tukaanza kwenda, Waswahili, Waarabu, Mabaluchi, kila mtu, kwa kuwa kulikuwa hakuna jambo jingine. Sanduku lao la nguo lilikuwa limeingia maji ya chumvi, nguo zinaoza. Tajiri akaniletea mimi. Malkia wao alikuwa mwanamume. Ndivyo walivyokuwa, wanawake wao hawakupanda jukwaani, basi huyu jitu la miraba minne, kidevu kimenyolewa mpaka kimekuwa cha buluu, ndiye aliyekuwa akilia na kuimba kama mke aliyeachwa. Nilipompima kifua alinitania kwa Kiswahili kibovu, "Fundi, wewe usibane sana, mimi iko na huzuni mkubwa." Alitaka kusema kwamba akiimba yale majonzi hujaza pumzi. Nikamwachia nafasi ya vidole vinne kila upande. Aliporidhika akanipa tikiti mbili. "Wewe na bibi," akasema.

Nikazitia ndani ya kofia. Kofia yangu siku hizo ilikuwa kama kabati. Ndimo nilimokuwa nikiweka na sindano, nimezichoma ukingoni kwa ndani. Wenzangu wakinicheka. Mmoja alikuwa akisema, "Huyu siku akirukuu msikitini atamchoma aliye mbele." Mwingine akaniuliza, "Cherehani yako haina droo?" Nikamwambia droo imekwama. Ilikuwa haikukwama. Nitafika huko.

Mimi na mke wangu tulikuwa na miaka minne ya ndoa na mtoto mmoja, wa kike, naye aliishi siku thelathini na nane. Siku mbili zaidi tungefanya arubaini yake. Mama na mwana wangetolewa nje, angenyolewa zile nywele alizozaliwa nazo, watu wangekula. Badala yake nalimbeba mwenyewe mpaka makaburini, mzigo wa mikono miwili, mwepesi hata nikawa naogopa kujikwaa nikampoteza. Siku ya nne nikarudi kwenye kaki. Sikumtaja tena. Si kwamba nalisema leo simtaji. Ilipita siku, ikapita nyingine, halafu nikaona kumtaja baada ya siku zote hizo ni kama kumshitua mtu usingizini.

Na hapa nieleze jambo, maana vijana hawalijui tena. Kwetu mtu hakumwita mkewe kwa jina mbele za watu. Ilikuwa aibu, jina la mke ni la ndani ya nyumba. Ukimwita nje ulimwita kwa jina la mtoto, Mama Fulani, naye akakujibu Baba Fulani. Wasio na watoto walikohoa. Kila mtu alikuwa na kikohozi chake na mkewe akikijua. Basi mimi kwa siku zile thelathini na nane nalikuwa Baba Fulani, nikiitwa hivyo mpaka na muuza kahawa, na baada ya hapo nikarudi kwenye kukohoa. Jina lile silitii humu. Yatosha kusema lilikuwa jina zuri, mamake ndiye aliyelichagua.

Jumamosi ile nalirudi nyumbani Kibokoni mapema nikamkuta amefunga furushi. Limekaa juu ya kitanda, kanga mbili kwa nje, fundo limekazwa.

"Ndugu yangu yuwaja kesho asubuhi," akasema. "Naenda Kisauni kwa mama."

"Kwa siku ngapi?"

"Sijui."

"Umekasirika?"

"Sikukasirika. Nimechoka. Mwaka mzima nyumba hii hapana anayemtaja ila mimi. Nami nikimtaja wewe wageukia ukutani."

Nikasema, "Ni usingizi. Wajua kazi yangu."

"Naijua kazi yako," akasema, hata sauti hakuipandisha. Angalipandisha sauti ningalijua la kujibu.

Nikavua kofia nikatoa tikiti. Sikuwa na jingine. Nikamwambia ni mchezo wa wale Wahindi, nguo nimezitengeneza mimi, laiti angeziona. Alizitazama zile karatasi kitambo. "Haya," akasema. "Nguo nshazifunga, lakini buibui liko nje."

Ndiyo hali tuliyotoka nayo nyumbani. Mtu akituona njiani angesema hawa waenda kustarehe.

Jumba la mchezo lilikuwa upande wa Makadara, kuta za mawe na paa la mabati, kabla yake lilikuwa ghala la pembe au la ngozi, harufu haikutoka. Wanaume tulikaa chini kwa mabenchi. Wanawake walikuwa na mlango wao wa nyuma, kwenye kichochoro, na ngazi yao ya kupandia ghorofani, na huko juu walitundikiwa pazia jepesi, wao wakituona sisi tusiwaone. Kwa hiyo kwenda na mke mchezoni maana yake ilikuwa kuachana mlangoni. Wewe unakaa chini unasikia kicheko juu, unajiuliza kile ni chake au si chake. Nalisikiliza kicheko chake saa nzima. Nakijua, kina mkwaruzo mwishoni. Sikukisikia.

Mbele yangu alikaa mzee mmoja aliyejitia mfasiri. Kinanda kikipigwa yeye hugeuka nyuma atufasirie. "Huyu ni mfanyabiashara, amesafiri." Baadaye, "Sasa amerudi, hamjui mkewe." Baadaye, "La, si mkewe, ni dadake." Mtu akamwambia, "Mzee, wewe ulisomea Bombei au hapo Kibarani?" Watu wakacheka, naye akanyamaza, lakini haukupita muda akageuka tena.

Mimi nalikuwa kwenye mishono. Yule malkia alipoinua mikono nikaziba pumzi. Alipovuta pumzi ya huzuni nalimsaidia kuivuta. Mshono wa kushoto nalikuwa nimeushona taa ikiwa ndogo na sikuwa na hakika nao. Basi niko hapo natazama kwapa la mtu mzima, mara kinanda kikashuka chini, ngoma zikanyamaza zote, ikabaki fidla moja, na wale watu wakaleta susu jukwaani. Susu, kitanda cha mtoto cha kutundika, kina maua ya karatasi. Yule jitu akaketi kando yake, akaanza kulitikisa na kuimba. Hata mzee mfasiri hakugeuka. Hakukuwa na haja.

Na juu kule, nyuma ya pazia, pakawa kimya kabisa. Wanawake mia na zaidi hukuwasikia hata kusogea.

Mimi sikujua kama mchezo una susu. Wallahi sikujua. Nalileta nguo tu, sikuuliza hadithi. Niliinamisha macho. Nikahesabu nyuzi kwenye goti la kanzu yangu mpaka wimbo ukaisha, na mshono haukupasuka, na mimi sikufurahi.

Mchezo ulipokwisha tukatoka kwenye giza. Miaka hiyo taa za njia zilizimwa kwa amri, na madirisha yakatiwa vitambaa vyeusi, wakiogopa ndege za adui. Wanaume tukazunguka kichochoroni, tukajipanga mlangoni pa wanawake, kila mtu akimwita wake. Mama huyu, Mama yule, majina ya watoto wa mji mzima yanatajwa gizani. Walioitwa wakateremka, mabuibui meusi ndani ya usiku mweusi, uso umefunikwa, kila mmoja akajiunga nyuma ya mumewe wakaondoka. Nikafika mimi. Jina lilikuja mpaka kwenye meno. Nikakohoa.

Akateremka mwanamke, wa kimo chake, mwendo wake. Nikatangulia, akanifuata. Ndivyo ilivyokuwa desturi, mume mbele, mke nyuma hatua nne tano, hamgeukiani, maana kutembea bega kwa bega ni mambo ya watu wasio na haya.

Tulipopita soko sijui nini kilinifungua. Labda ni kule kutomwona. Kumtazama mtu usoni na kusema ni kazi, na mimi kazi zote nalikuwa nimezimaliza kwa siku ile. Lakini kusema gizani mtu yuko nyuma yako ni kama kusema peke yako. Nikaanza. Nikasema, usidhani nimemsahau. Nikasema, nalimshonea kanzu ya arubaini, ya bafta, kwa vipande vilivyobaki vya nguo ya mteja, nikaitia kwenye droo ya cherehani nikuletee siku hiyo, na mpaka leo imo. Nikifungua droo nichukue sindano naiona. Kwa hiyo siifungui, naweka sindano kwenye kofia, wenzangu wanicheka. Nikasema, zile nywele zake za kisogoni zilikuwa zimeanza kutoka kwa kulalia, nami nalikuwa nikiona vibaya kwamba atanyolewa hali tayari ana upara. Nikamtaja. Jina lake nikalitaja, mara mbili tatu. Nikasema, usiende Kisauni, na kama huna budi basi nenda lakini useme siku ya kurudi.

Nyuma nasikia makubadhi tu, taratibu, taratibu. Wala sikushangaa kwamba hajibu.

Tukafika mlangoni petu. Nikatoa ufunguo, nikageuka nimpishe. Yule mwanamke akabaki barabarani.

"Maneno yako mazuri, mwanangu," akasema, "lakini mimi siye."

Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ya kina mamangu. Nalishika mlango.

"Nalikuwa namngoja kaka yangu," akasema. "Ana kifua, kikohozi chake kama chako. Nikateremka nikafuata. Ulipoanza kusema pale sokoni ndipo nilipojua si yeye. Kaka yangu hajanisemesha njiani tangu tuzaliwe."

"Sasa mbona hukuniambia, bibi?"

"Nalitaka kukwambia. Halafu ukamtaja mtoto. Nikasema moyoni, nikimkatiza huyu hatasema tena. Na njia yenyewe ni yangu, nakaa hapo nyuma ya msikiti." Akarekebisha buibui lake. "Mkeo umemwacha wapi?"

 Nyumbani kuna furushi, kesho kuna shemegi, na mke mwenyewe nimemwacha kichochoroni nikaenda zangu na mwanamke mwingine. Nikamwomba yule bibi radhi, nikamwambia aingie ndani angoje. Akasema haingii nyumba ya mtu bila mwenyewe, na kaka yake huko atakuwa amevimba. Basi tukarudi wote wawili njia ile ile, mimi mbele yeye nyuma. Safari hii yeye ndiye aliyesema. Alisema aliwahi kuzika watatu, na mumewe alikufa bila kuuliza hata mmoja alizikwa upande gani. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza bei ya samaki, halafu akasema, "Angalia hilo shimo."

Kichochoroni palikuwa pamebaki watu wawili. Mmoja ni kaka yake, mzee mwembamba, anakohoa kweli, si kwa kuita mtu.

"Ulikuwa wapi wewe?" akamwuliza dadake.

"Nalisindikizwa," akasema.

"Na nani?"

"Na huyu hapa. Nyamaza, tuna kazi."

Wa pili alikuwa bawabu, ameshika kufuli. Nikamwuliza juu kuna mtu. Akasema juu hakuna mtu, taa nshazima, wanawake wote wamechukuliwa. Nikakohoa. Tukasikiliza. Nikakohoa tena kwa nguvu, mpaka yule mzee wa kifua akanitazama kwa huruma.

"Bwana, ntafunga," bawabu akasema.

"Mwite," akasema yule bibi.

"Nimekohoa mara mbili, bibi."

"Nimekusikia. Mwite kama watu."

 Nikashika ukingo wa mlango nikamwita, Mama, na jina la binti yangu. Sauti ilitoka ndogo. Nikaita tena, ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, ikapanda ngazi yote ikagonga mabati.

Ikapita kitambo. Kisha tukasikia makubadhi kwenye ngazi, pole pole, kama mtu anayeteremka na ndoo. Alikuwa ameketi kipandio cha juu kabisa, gizani, bawabu amempita asimwone.

Aliponifikia nikamwambia, "Nalikohoa tangu mwanzo."

"Nalikusikia," akasema.

"Basi mbona hukuteremka?"

"Sikuona kama naitwa."

Yule bibi akamsogelea, akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, mumeo alikuwa na maneno yako. Nimeyabeba mimi kwa makosa. Mwambie akupe." Akamgeukia kaka yake wakaenda zao, mzee akikohoa mpaka wakapotelea kuelekea sokoni. Sikuonana naye tena kwa kumjua. Labda nilipishana naye mara mia, ndani ya buibui utamjuaje.

Tukarudi. Njiani nalijaribu kuyasema tena na hayakuja. Ningependa kuandika kwamba yalikuja, lakini maneno yale nalikwisha kuyatoa yote mara moja, na mwili ulikuwa umechoka, tulikuwa tumeshaipiga njia ile mara ya tatu. Nalisema vipande. "Nywele za kisogoni," nikasema. Hatua kumi zikapita. "Naam," akasema nyuma yangu, "zilikuwa zikitoka." Baadaye nikasema, "Kuna kanzu." Akauliza kanzu gani. Nikasema utaiona. Tukaingia ndani, tukalisogeza furushi chini tupate pa kulala, tukalala. Asubuhi aliniambia mguu ulikanyaga usiku kucha.

Shemegi alifika jua halijapanda, na baiskeli yake, akaketi barazani. Nikamwambia, "Shemegi, ngoja kidogo, kunywa chai." Nikaenda dukani. Tajiri alikuwa hajafungua ila baraza ilikuwa wazi na cherehani yangu imefunikwa gunia. Nikaondoa gunia. Droo haikukwama hata kidogo, ilifunguka kama ya jana. Nikaifunga ile kanzu kwenye karatasi ya bidhaa nikarudi nayo.

Mke wangu alikuwa amesimama ukumbini, buibui tayari mwilini, furushi mlangoni. Nikampa. Akaifungua karatasi, akaitandaza kanzu juu ya kiganja, na ilienea kiganja na kipande cha mkono tu.  Akaigeuza ndani nje, akaipitisha kidole chini, kama anavyofanya mteja mbishi.

"Pindo limekwenda upande," akasema.

"Nalikuwa na haraka. Nalishona tajiri asinione."

"Nipe sindano."

Nikavua kofia nikampa. Akaketi mkekani na buibui lake vile vile, akaanza kufumua pindo, uzi mmoja mmoja, akiuweka kando asiukate. Shemegi akachungulia kutoka barazani.

"Twende, dada? Jua litakuwa kali kwenye daraja la kuvukia Kisauni."

"Ngoja nimalize hili," akasema.

Shemegi akangoja. Alikunywa chai yote iliyokuwamo birikani, akalala kidogo, akaamka. Kulipoadhiniwa adhuhuri pindo lilikuwa bado, naye akachukua baiskeli yake akaenda peke yake.